"Utafiti Umeonyesha": Kwa Nini Nyuki, Kasida na Fimbo Nyeupe Havipimwi kwa Mizani Moja

Simu za mkononi zinaua nyuki, utafiti umeonyesha. Kuna glavu ukizivaa zinageuza lugha ya alama kuwa sauti, utafiti umeonyesha. Utungo mkongwe kuliko zote wa Kiswahili ni wa mwaka 1652, utafiti umeonyesha. Kesho yake mwingine anakuja na 1728, naye pia utafiti umemwonyesha. Ujumbe wa aina hii hupita kwenye makundi ya WhatsApp, husomwa redioni asubuhi, hurudiwa ndani ya daladala, na ifikapo jioni watu wameshagawanyika. Kuna wanaoamini chochote kilichobandikwa neno "utafiti", na kuna waliochoka, wanaosema watafiti ni watu wa kubahatisha: leo hivi, kesho vile.

Makundi yote mawili yanateleza mahali pamoja. Yanachukulia kwamba utafiti ni kazi ya namna moja, yenye aina moja ya ushahidi, na kwamba kilichobaki ni kuukubali au kuukataa. Makala hii inazipitia fani tatu ambazo hazina undugu wowote: afya ya nyuki, mashairi ya kumsifu Mtume na kumtukuza Mwenyezi Mungu, na vifaa saidizi vya watu wenye ulemavu. Nimezichagua kwa sababu hiyo hiyo ya kutofanana. Zikiwekwa pamoja, mtu anaona kwa urahisi kwamba swali la kwanza la kumuuliza mtafiti ni "ulijuaje?", na kwamba jibu zuri kwa mtu wa nyuki ni jibu bovu kwa mtu wa kasida.

Tuanze na maana. Utafiti ni kutafuta jibu la swali kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata hatua kwa hatua na kukukosoa. Uzito uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Mzee aliyerina asali maisha yake yote anajua mambo ambayo profesa hayajui, lakini akisema nyuki wa siku hizi wamepungua, hatuna njia ya kurudia hesabu yake. Mtafiti akisema hivyo hivyo anatakiwa aonyeshe alihesabu mizinga ipi, lini, na kwa utaratibu gani. Data ni vile alivyokusanya ili kujibu swali lake: inaweza kuwa idadi ya wadudu, inaweza kuwa karatasi zilizotobolewa na mchwa, inaweza kuwa mazungumzo yaliyorekodiwa.

Jarida la kitaaluma nalo ni chapisho linalopokea makala za watafiti na, kabla ya kuzitoa, kuzipeleka kwa wajuzi wawili au watatu wa fani hiyo ili wazitafute kasoro. Hatua hii huitwa uhakiki wa wataalamu wenza, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu hudhani ni muhuri wa ukweli. Mhakiki hafungi safari kwenda kuhesabu nyuki upya. Anasoma alichopewa na kuuliza kama njia iliyotumika inaweza kubeba hitimisho lililotolewa. Makala inayopita imevuka kizingiti cha kwanza tu. Vizingiti vinavyofuata ni miaka ya watu wengine kujaribu kuibomoa.

Sokoni hakuna anayeuliza khanga ni lita ngapi, wala mafuta ya taa ni doti ngapi. Kila bidhaa ina kipimo chake, na muuzaji anayepima kwa kipimo kisicho chake hukimbiwa na wateja. Utafiti nao uko hivyo, ila msomaji wa kawaida hajaonyeshwa vipimo vyenyewe.

Nyuki: kuhesabu, kisha kujizuia

Kundi la nyuki ni mzinga mzima wa jamaa: malkia mmoja, vibarua maelfu kwa maelfu, na madume msimu ukiwadia. Wanaozungumzia afya ya nyuki wanazungumzia afya ya kundi. Nyuki mmoja mmoja hufa kila siku, na kwa kibarua maisha ya wiki chache ni ya kawaida.

Adui anayetajwa sana ni utitiri aitwaye varoa, kijidudu chekundu cha kahawia, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kinachojibandika kwenye mwili wa nyuki na kuzaliana ndani ya vyumba vya masega vyenye majana, yaani watoto wa nyuki. Asili yake ni Asia, ambako aliishi na nyuki wa huko bila kuleta maafa. Katika karne ya 20 alihamia kwa nyuki wa asali tunaowafuga sisi na Wazungu, na tangu hapo amesambaa karibu dunia nzima. Afrika Kusini alionekana 1997. Kenya na Tanzania alitambuliwa rasmi 2009.

Sasa jiulize: utajuaje mzinga una utitiri wangapi? Hakuna anayeketi na nyuki maelfu akiwakagua mmoja mmoja. Watafiti na wafugaji huchota nyuki wapatao 300, yaani kiasi cha nusu kikombe, wakawatia kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, wakawanyunyizia sukari laini ya unga ile ya kupambia keki, na kuwatikisa taratibu. Sukari humfanya utitiri ashindwe kushika. Anaanguka, anapita kwenye wavu, anahesabiwa. Nyuki wanarudishwa mzingani, wamekasirika lakini wazima. Ukipata utitiri 9 kwa nyuki 300, unasema 3 kwa kila 100. Ndiyo hiyo sayansi yote ya hatua ya kwanza, na mfugaji wa Kitui au Tabora anaweza kuifanya mwenyewe.

Ugumu unaanza baada ya hesabu. Mwaka 2010 watafiti walipita katika vituo 24 vya ufugaji nyuki sehemu mbalimbali za Kenya, na matokeo yakachapishwa 2014. Walikuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Walikuta pia virusi kadhaa, pamoja na mabaki ya viuatilifu kwa kiwango kidogo. Mtu aliyezoea habari za Marekani, ambako wafugaji tangu 2006 walikuwa wakilia kwamba makundi yanatoweka ghafla, angetarajia msiba. Lakini ukubwa wa makundi ya Kenya haukuonyesha uhusiano na wingi wa utitiri. Yenye utitiri wengi hayakuwa madogo kuliko yenye wachache. Kilichoonekana ni kwamba utitiri walikuwa wengi zaidi kadiri mtu alivyopanda nyanda za juu.

Hapa ndipo vichwa vya habari huharibu kazi. Kutokana na matokeo hayo mtu anaweza kuandika "nyuki wa Afrika hawadhuriki na varoa", au "milima inaongeza varoa", na zote mbili zimezidisha. Utafiti ule ulipiga picha ya wakati mmoja. Vitu viwili kwenda pamoja, mwinuko na utitiri, hakumaanishi kimoja kinasababisha kingine. Huenda ni baridi, huenda ni aina ya nyuki wa huko, huenda ni misimu ya maua. Na nyuki wetu wana tabia inayowachanganya hata wahesabuji hodari: wanahama. Mzinga mtupu nchini Ujerumani baada ya majira ya baridi ni kundi lililokufa. Mzinga mtupu Makueni baada ya kiangazi huenda ni kundi lililoamua kwenda kutafuta maua kwingine. Anayehesabu mizinga mitupu na kuiita vifo amehesabu vizuri na kusema vibaya.

Kuna nyakati ambapo mazingira yenyewe huwapa watafiti ulinganisho ambao wasingeweza kuutengeneza. Visiwa vya Hawaii ni mfano wake. Varoa aliingia kisiwa cha Oahu mwaka 2007, visiwa vingine vikabaki salama kwa muda. Wanasayansi waliweza kulinganisha makundi yenye utitiri na yasiyo nao, kwenye hewa ileile na maua yaleyale. Utafiti uliotoka 2012 ulionyesha kwamba virusi vya mabawa yaliyopinda, vilivyokuwa katika kama 10% ya makundi, vilifika karibu 100% pale varoa alipokita. Kwa maneno mengine, utitiri huleta madhara makubwa kwa kubeba maradhi na kuyaingiza mwilini mwa nyuki. Hapa kuna uzito ambao picha ya siku moja haina, kwa sababu kuna kabla na baada, na kuna upande ulioguswa na usioguswa.

Je, simu? Uvumi huo una chanzo kinachojulikana. Watafiti wachache wa Landau, Ujerumani, waliweka ndani ya mizinga vitako vya simu zile za nyumbani zisizo na waya, kuona kama nyuki watashindwa kurudi. Lilikuwa jaribio dogo, na kifaa chenyewe hakikuwa simu ya mkononi. Mwaka 2007 gazeti moja la Uingereza likaliunganisha na makundi yaliyokuwa yakitoweka Marekani, na dunia ikasoma kwamba simu zinaua nyuki. Watafiti wenyewe walijitokeza kusema kazi yao haiwezi kubeba dai hilo. Mkanusho haukusafiri hata nusu ya umbali wa uvumi.

Ndugu yake uvumi huo ni lile neno linalobandikwa jina la Einstein, kwamba nyuki wakiisha binadamu atabaki na miaka minne. Hakuna andiko lake wala hotuba yake ambamo neno hilo limeonekana. Ukweli wenyewe unatosha bila chumvi: tathmini iliyochapishwa 2007 ilikuta kwamba mazao 87 kati ya 115 makuu ya chakula duniani hunufaika kwa kiasi fulani na wanyama wanaochavusha, lakini kwa uzito wa mavuno mazao hayo ni kama 35%. Mahindi huchavushwa na upepo. Mpunga hujichavusha. Muhogo tunapanda kijiti. Bila nyuki tungekula ugali mkavu, bila tikitimaji na bila maboga, na kahawa ingepungua. Hiyo ni hasara kubwa, ila haihitaji miaka minne ya kubuni.

Na wale wanaosema watafiti hubadilika badilika? Kwa miongo mingi vitabu viliandika kwamba varoa hunyonya maji ya mwilini mwa nyuki, yale yaliyo kama damu yake. Mwaka 2019 utafiti ulionyesha kwamba anachokula hasa ni tishu za mafuta, kiungo kinachofanya kazi nyingi kama ini letu. Mwaka 2024 kazi nyingine ikatenganisha mambo: akiwa juu ya nyuki mzima hula mafuta, akiwa anazaliana chumbani juu ya jana hunywa yale maji. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alitazama sehemu ya maisha ya mdudu yuleyule, na anayetengeneza dawa leo anajua zaidi ya aliyetengeneza jana. Hata jina lilirekebishwa: hadi mwaka 2000 utitiri huyu aliitwa kwa jina la kisayansi la ndugu yake mwingine, kwa hiyo ukisoma makala za zamani lazima ujue wanamzungumzia nani.

Kasida: ushahidi uliofichwa kwenye vina

Tuvuke upande wa pili. Kasida ni shairi la sifa, hasa za Mtume, linaloimbwa kwenye maulidi, harusini na kwenye dua. Utenzi, au utendi kama wasemavyo Lamu na Pate, ni utungo mrefu wa beti za mistari mifupi, mara nyingi ya mizani (silabi) nane, ambao mistari mitatu ya kila ubeti ina kina kimoja na wa nne una kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Msamiati huu ni wa lazima, kwa sababu mizani na vina ndiyo vyombo vya maabara vya mtafiti wa mashairi.

Husemwa mara nyingi kwamba huu si utafiti, ni kusoma tu na kutoa maoni. Basi tuangalie tatizo moja. Tungo za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu kina alama za irabu tatu, Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo kasra ilibeba *i* na *e*, na dhuma ikabeba *u* na *o*. Herufi *ba* ilitumiwa na waandishi wengi wa zamani kwa *b*, kwa *p* na kwa *mb*. Sasa umekutana na kaf, yaani *k*, yenye dhuma, ikifuatwa na ba yenye fataha, alama ya *a*. Umeandikiwa nini? Inaweza kuwa kuba, kupa, kumba, kopa au komba. Kila moja ni neno halali, na ubeti mzima unageuka kulingana na utakalochagua.

Mizani haikusaidii hapa, maana zote zina mizani mbili. Kina kinaweza kusaidia: kama mistari miwili mingine ya ubeti inaishia kwa sauti isiyo na shaka ya *mba*, umepata shahidi. Muktadha unasaidia. Lahaja inasaidia, kwa kuwa mtunzi wa Pate hasemi kama wa Unguja, na neno lililokufa kwingine huenda bado linasemwa na bibi mmoja wa Siyu. Na kuna nakala nyingine. Tungo hizi zilinakiliwa kwa mkono mara nyingi, na kila mnakili aliacha alama zake. Nakala mbili zikiruka ubeti uleule, au zikiwa na kosa lilelile la ajabu ambalo watu wawili wasingelifanya kila mmoja kivyake, yaelekea moja imetokana na nyingine au zote zina mama mmoja. Ndipo unapogundua kwamba nakala tano zinazokubaliana si lazima ziwe mashahidi watano. Huenda ni shahidi mmoja aliyerudia maneno yake mara tano. Waliosoma elimu ya hadithi za Mtume na isnadi zake, ile minyororo ya wapokezi, hawatashangaa. Mtafiti wa nyuki akiongeza sampuli anaongeza uhakika. Mhariri wa miswada akiongeza nakala huenda hajaongeza chochote.

Nani mkongwe kuliko mwenzake, basi? Huu mzozo wa tarehe unatokana na jambo dogo ambalo halisemwi. Mwaka ulioandikwa mwishoni mwa mswada unaweza kuwa wa kutunga au wa kunakili, na mnakili hakulazimika kusema. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Bwana Mwengo wa Pate, una mswada wa mwaka 1141 Hijria, ndiyo ile 1728 tunayoisikia; nayo si kamili kama inavyoonekana, kwani mwaka huo wa Kiislamu ulianza Agosti 1728 ukaishia katikati ya 1729. Hamziya ya Kiswahili, kazi ya Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, wapo wanaoipa 1652 na wapo wanaoileta 1749. Tofauti ni karibu karne nzima, na chimbuko lake ni namna ya kusoma na kuamini miaka hiyo iliyoandikwa kwenye nakala. Kwa hiyo ukisikia "utungo mkongwe kuliko zote", uliza kama wanasema mswada mkongwe uliobaki au utungo mkongwe uliotungwa. Mchwa na unyevu wa pwani wameamua mengi katika hilo.

Hamziya inatufikisha kwa Muhammad al-Busiri wa Misri, mshairi wa karne ya 13 aliyetunga kwa Kiarabu hiyo Hamziya na ile Burda ambayo kwetu huitwa Burdai. Inasimuliwa kwamba alipatwa na faliji nusu ya mwili ikakataa, akatunga kasida ya kumsifu Mtume, akamwota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Mkasa huu ndio uliofanya Burdai isomewe wagonjwa kuanzia Maghrib (Afrika Kaskazini-Magharibi) hadi Hindi, pwani yetu ikiwemo. Mtafiti wa fasihi anaufanyia nini? Hawezi kupima faliji ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 700 iliyopita, na si kazi yake kumwambia muumini aamini au asiamini. Anachoweza kuonyesha ni jinsi kisa kilivyobadili matumizi ya shairi: ni beti zipi hurudiwa, wapi, kwa ajili ya maradhi gani, na watunzi wa Kiswahili walichukua nini na kuacha nini. Profesa Kineene wa Mutiso wa Kenya amefanya kazi kubwa juu ya Burdai na Hamziya kwa Kiswahili, na anayetaka kuona utafiti wa aina hii ulivyo na nidhamu aanzie hapo. Wanaogombana kama "sayansi imethibitisha" Burdai inaponya wameleta kipimo cha lita kwenye duka la khanga.

Jambo moja zaidi linaipa fani hii joto lake. Data yake ina wenyewe. Miswada mingi ya pwani iko London, katika makusanyo ya watu kama Taylor na Hichens yaliyohifadhiwa SOAS, chuo cha huko kinachosomesha lugha za Asia na Afrika. Mingine iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mingi imo ndani ya makasha ya familia. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ule uliojengwa na Habib Saleh, imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Hilo ni jema. Lakini chupa ya nyuki 300 haina wajukuu watakaouliza picha zilikwenda wapi; kasha la karatasi linao.

Vifaa saidizi: anayetumia ndiye kipimo

Kifaa saidizi ni chochote kinachomwezesha mtu kufanya jambo ambalo mwili wake peke yake ungelifanya kwa taabu: fimbo nyeupe, kiti mwendo, mguu bandia, shimesikio, programu inayosoma skrini kwa sauti. Miwani imo pia, kwa hiyo baadhi yenu mnasoma haya kwa msaada wa kifaa saidizi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja. Katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni 3% tu ya wanaohitaji. Katika baadhi ya nchi tajiri ni 90%.

Upotofu mkubwa katika fani hii ni kudhani kwamba kifaa kikifanya kazi maabara, kimefanikiwa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwahoji watu wazima 227 wenye ulemavu na kukuta kwamba 29.3% ya vifaa walivyokuwa wamepata vilikuwa vimeachwa.  Miongoni mwa sababu kuu ni kwamba mtumiaji hakuulizwa anataka nini kifaa kilipochaguliwa. Kiti mwendo kinachoteleza vizuri kwenye sakafu ya hospitali kinaweza kugeuka kuwa kabati la nguo katika nyumba yenye kizingiti, uwanja wa mchanga na choo cha nje. Wafundi wanaofunzwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kwenye hospitali ya KCMC Moshi, wanalijua hili kabla ya mtafiti yeyote kuliandika.

Kwa sababu hiyo ushahidi hapa una sura mbili. Kuna vipimo vya namba: mguu bandia umehimili uzito gani, programu imesoma maneno mangapi sawasawa. Na kuna kukaa na watu wachache kwa muda, ukiangalia maisha yanavyokwenda. Utafiti uliofanyika Kibera na kutoka 2020, juu ya namna wasioona na wenye uoni hafifu wanavyotumia simu, ulikuwa wa aina hiyo ya pili. Ulionyesha kwamba simu haifanyi kazi peke yake. Inafanya kazi pamoja na jirani anayesoma ujumbe na rafiki anayefundisha kitufe, na hivyo hivyo inaweza kumweka mwenyewe mikononi mwa watu. Anayelalamika kwamba waliohojiwa walikuwa wachache anamtafuta nyuki wa 300 mahali ambapo swali lilikuwa "vipi", wala halikuwa "wangapi". Bila shaka, utafiti huo hauwezi kukuambia asilimia ya wasioona Kenya nzima wanaoomba msaada wa kusomewa. Mwandishi wa habari atakayetoa asilimia kutoka humo ameibuni.

Sasa glavu. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa University of Washington walishinda tuzo ya wanafunzi wabunifu ya Lemelson-MIT kwa glavu walizosema zinatafsiri lugha ya alama ya Marekani kuwa maneno. Vyombo vya habari vikashangilia, viziwi wakakunja uso. Vifaa kama hivyo vimeendelea kubuniwa kwingineko, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba lugha ya alama haiko mikononi tu. Nyusi zikiinuliwa, sentensi inakuwa swali. Mdomo, mabega, mahali mkono ulipowekwa hewani, vyote ni sarufi. Glavu husoma umbo la vidole, yaani inaokota maneno na kuacha sentensi. Tena inamvalisha kiziwi mzigo ili asiyejua lugha yake asihangaike kujifunza, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010 imeshaiweka Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Kwa maoni yangu kosa lilitokea kabla ya waya wa kwanza kuunganishwa: swali lilitungwa bila mwenye lugha.

Kinachosomwa na kinachosemwa

Kati ya makala ya jarida na ujumbe unaokufikia kuna mikono mingi. Chuo hutoa taarifa kwa vyombo vya habari na kuipaka rangi kidogo, mhariri anatafuta kichwa kinachovuta, mtu anapiga picha kichwa hicho bila habari yenyewe, mwingine anaongeza sauti yake. "Huenda" inaanguka njiani, "nchini Kenya mwaka 2010" inaanguka, na kinachofika ni "nyuki hawadhuriki". Ukiweza kurudisha maneno hayo mawili, mahali na wakati, umeshasafisha nusu ya upotoshaji. Uliza pia wamelinganisha na nini. Uliza nani alilipa, si kwa sababu mfadhili hununua majibu daima, ila kwa sababu mfadhili mara nyingi ndiye anayechagua swali. Na kama kazi bado haijapitia uhakiki, ichukue kama mazungumzo yanayoendelea.

Vyuo vikuu navyo vina lawama. Mtu wa nyuki, mtu wa kasida na mtu wa vifaa hupandishwa cheo kwa kuhesabiwa makala na idadi ya waliowanukuu. Utafiti wa nyuki unaweza kuwa na waandishi 10 na kunukuliwa mara mia. Kuhariri utenzi mmoja kutoka nakala sita kunaweza kula miaka minane ya mtu mmoja, kukanukuliwa na watu 12, na kusomwa msikitini na maelfu ambao hawahesabiwi popote. Kutengeneza kiti mwendo kisichogeuka kabati kunaweza kusizae makala hata moja.

Utafiti wakati mwingine utakufikia mlangoni: mtu na daftari anaomba kufungua mzinga wako, au kumhoji mama anayetumia shimesikio, au kutazama kasha la babu. Kenya, kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Una haki ya kuomba kukiona, kueleweshwa kwa lugha unayoijua kinachotafutwa, kukataa, na kujitoa hata katikati ya kazi. Kwa mzinga, omba hesabu ya utitiri uambiwe papo hapo. Kwa mahojiano, uliza jina litatajwa au la. Kwa mswada, uliza picha zitahifadhiwa wapi, nani ataruhusiwa kuzifungua, na nakala ya kubaki nyumbani italetwa lini.